Tovuti ya safari isiyo na tarehe inampoteza mgeni

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilipokea mgeni hapa Mwanza, binti wa rafiki yangu wa Dodoma, aliyekuwa anakwenda msibani Sengerema. Usiku akaniomba nimwamshe saa tisa. Nikamuuliza, saa tisa ya nini mwanangu, Sengerema si hapo tu? Akanipa simu nisome. Tovuti moja ya safari, yenye picha za kupendeza, ilimweleza kwamba pale Kigongo magari hupanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, na kwamba mwenye haraka adamke mapema sana. Mhariri, Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni kama kilomita 3 juu ya maji, na gari linavuka kwa dakika chache. Binti wa watu alikuwa ameshafunga begi, macho mekundu, anahofia kukuta wameshazika.

Nikausoma ukurasa ule hadi chini nikitafuta umeandikwa lini. Hakuna tarehe, wala jina la mtu. Aliyeandika huenda alivuka kweli, na siku aliyovuka foleni ilikuwapo, maana hata mimi nimeshakaa kwenye foleni ile hadi mihogo ya kuchoma ikaniisha mkononi. Kwa hiyo simwiti mwongo. Kosa lake ni kuichukua kumbukumbu yake na kuiweka mbele ya watu kana kwamba ni habari ya leo.

Jambo hili linanigusa kwa sababu na mimi sasa nina tovuti, na kosa hilohilo nilikaribia kulifanya.

Kwa miaka mingi nimenunua dagaa visiwani na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Katika miaka hiyo nimejaza kaunta buku tatu. Niliziandika kwa sababu ya hesabu tu, maana fedha nyingine zilikuwa za wenzangu wa upatu na kila mmoja alitaka kujua mzigo umekwendaje. Lakini ukiandika nauli utaandika na chombo ulichopanda, ukiandika chombo utaandika kama kilichelewa, na ukilala njiani utaandika umelala kwa nani na mmekula nini. Hapa nina ukurasa mmoja wa kisiwa cha Ukara, nanukuu ulivyo: “14/8/1999. Ukara. Giza. Karabai 61 nimehesabu kutoka mlimani kabla sijashuka. Bei juu. Mtoto wa mwenyeji ana homa, nimewaachia Panadol. Kesho chombo cha asubuhi, kikikosekana mtumbwi.”

Mtoto wa kaka yangu amesomea kompyuta. Alizikuta kaunta buku hizo juu ya kabati, akakaa sakafuni akisoma hadi chai ikapoa. Akasema, “Shangazi, haya mambo hayapo popote kwenye mtandao. Tuyatengenezee tovuti, mtu anayekuja kanda ya ziwa aongozwe nayo.” Nikakubali.

Toleo la kwanza lilinivunja moyo. Simu inafunguka kwa picha moja inayojaza kioo chote, juu yake maandishi meupe: “Karibu Mwanza, Lulu ya Ziwa.” Chini yake vitufe: Vivutio, Hoteli, Chakula, Mawasiliano. Ukibofya Vivutio unaletewa Jiwe la Bismarck, picha ileile ambayo kila mtu anayo, na ufukwe wenye minazi na maji ya rangi ya bahari. Nikamuuliza, baba, minazi hii ya wapi? Akakiri ameitoa mtandaoni kwa sababu inavutia. Katika tovuti nzima hapakuwa na karabai hata moja, wala Ukara, wala mtoto mwenye homa. Ungeweza kufuta neno Mwanza ukaandika Tanga au Kigoma, na hakuna mtu ambaye angeshtuka.

Nilimwambia maneno ambayo nawaambia na vijana wengine wote wanaotengeneza kurasa za namna hii. Hakuna mtu anayesafiri kwenda Vivutio. Watu wanakwenda Nansio, au Bujora, au Rubondo, na wanaanzia mahali fulani, saa fulani, wakiwa na fedha kiasi fulani na labda mtoto mgongoni. Tovuti ianze pale mtu alipo, kwenye gati au stendi, imshike mkono hadi afike. Tukavunja vitufe vyote vinne. Sasa ukifungua unakutana na swali moja, “Unaanzia wapi?”, na chini yake majina: Bandari ya Kaskazini, Kirumba, Kamanga, Nyegezi, Buzuruga, Uwanja wa Ndege. Ukigusa jina unaletewa safari zinazoanzia hapo, na kila safari imesimuliwa kama ilivyo kwenye kaunta buku.

Hapo ndipo tulipokutana na shida ya binti wa Dodoma kabla yeye mwenyewe hajaja. Safari zangu za Sengerema na Geita zote zimejaa foleni ya Kigongo. Nauli zangu ni za zamani. Wenyeji wangu wawili wameshatangulia mbele za haki. Nikifuta hayo, naondoa damu ya hadithi. Nikiyaacha, nampotosha msafiri. Tulibishana siku tatu, tukafikia uamuzi ambao ndio hasa sababu ya barua hii: kila ukurasa umegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa “Nilivyoona”, ina rangi ya khaki kama karatasi kuukuu, na tarehe ya safari imeandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo haibadilishwi kamwe. Ya pili inaitwa “Ilivyo sasa”, ni nyeupe, inaeleza chombo, muda, nauli na njia, na inataja siku tuliyohakiki. Ikipita miezi sita hatujaigusa, programu yenyewe inaandika juu yake kwa rangi nyekundu: “Haijahakikiwa tangu”, na tarehe. Msafiri akiona wekundu huo anajua aulize kwanza.

Ninaomba kila mwenye tovuti ya safari afanye hivyo au apate njia yake nyingine. Kumbukumbu ndiyo inayomfanya mtu atamani kwenda, na habari ya leo ndiyo inayomfikisha. Zikichanganywa, mtu anaamka saa tisa usiku bila sababu.

Na kumbukumbu yenyewe ina mitego. Kwa miaka mingi nimewasimulia watoto jinsi nilivyolitembelea jiwe linalocheza kule Ukara: jua kali, mzee anaimba, jiwe linatikisika, sisi tunashangilia. Mpwa wangu aliandika hivyo. Tulipofungua kaunta buku la pili tukakuta mkono wangu mwenyewe umeandika, “Mvua tangu asubuhi, tumeshindwa kurudi.” Jua nililipata wapi sijui, pengine ni la safari nyingine. Tumeandika mvua. Tangu siku hiyo hatuweki simulizi kabla ya kupata kitu cha kuishikilia: kaunta buku, tiketi, picha yenye tarehe nyuma yake, au mwenzangu wa safari anayekumbuka vilevile.

Sasa niseme habari ya mwezi, kwa sababu hili sijaliona kwenye tovuti yoyote nyingine na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na za sola, dagaa wanaifuata nuru na wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu nuru imetapakaa ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu, mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Sisi watu wa dagaa hatuhesabu wiki za kalenda, tunahesabu giza na mbalamwezi. Mgeni akija Mwaloni siku za mbalamwezi anakuta vichanja vingi vitupu, makuli wamekaa juu ya magunia wanacheza bao, na anarudi kwao akisema soko limedorora. Angekuja siku kumi baadaye angekuta pikipiki zinapigiana honi, wanunuzi wa kutoka Kongo na Rwanda wanapatana bei, na dagaa wameanikwa wanang'aa kama mabati mapya.

Usiku wa giza, ukisimama mlimani Ukara au hata huku kwetu juu ya miamba ya Kirumba, taa za wavuvi zinapangika majini hadi unadhani kuna mji mwingine umejengwa ng'ambo. Zinasogea polepole. Kuna saa zinakusanyika pamoja, halafu moja inajitenga, na aliye karibu anaweza kuisikia sauti ya mvuvi ikimjibu mwenzake gizani, maana maji yanabeba sauti mbali sana. Nimeyaona hayo mamia ya usiku na bado nikipata nafasi nasimama kuyatazama.

Nilipomweleza mpwa wangu, alinyamaza, kisha akauliza kama tunaweza kuweka mwezi kwenye tovuti. Amefanya hivyo. Juu ya kila ukurasa wa ziwani kuna mwezi mdogo uliochorwa, unakua na kupungua pamoja na ule wa mbinguni, na chini yake neno moja, Giza au Mbalamwezi. Ukiugusa unakwambia siku ngapi zimebaki. Ni kitu kidogo, lakini kimetoka kwenye kaunta buku, kwa sababu kila ukurasa wangu una neno hilo pembeni ya tarehe. Watu wananiuliza namna ya kuifanya tovuti ivutie. Mimi najibu, watafute lile jambo walilokuwa wakiliandika kila siku bila kufikiri.

Tulipoona iko tayari tukapanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kuijaribu. Tulikaa juu, upande wenye jua, makusudi. Mpwa wangu akafungua ukurasa wa Ukerewe, na maandishi meupe juu ya picha yakapotea kabisa. Alikinga kioo kwa kiganja, akajifunika kichwa kwa koti, bado. Jirani yetu kwenye benchi, mwalimu aliyehamishiwa Ukerewe na hajafika hata siku moja, alitaka kusoma akashindwa. Bandari ilipoachwa mbali mtandao nao ukakata, ukurasa ukawa mweupe tupu, na maswali yake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza: kuna gari la kwenda Bwisya? Nikishuka nashika upande gani? Tukamjibu kwa mdomo.

Tuliporudi mpwa wangu alibadilisha mengi bila kuambiwa. Maandishi sasa ni meusi juu ya weupe, makubwa, na picha ziko chini yake. Picha moja ya simu yake ilikuwa na megabaiti 5. Kumi za namna hiyo zinakula bando la mtu bure. Amezibana zikafika kilobaiti 120 na macho yangu hayaoni tofauti. Safari ukishaifungua mara moja ukiwa nchi kavu inabaki ndani ya simu, unaisoma katikati ya maji bila mtandao. Chini ya kila picha kuna maneno yanayoeleza kilichomo, kwa sababu asiyeona anasomewa na simu yake, naye pia anasafiri. Salamu tumeziweka kwa sauti. Unabofya, unasikia “Mwangaluka mayu” ya Kisukuma, na kuna mama wa Nansio anayesalimia Kikerewe. Mgeni akishuka na salamu ya pale mdomoni, hata bei ya ndizi inapungua.

Kuhusu picha za watu nina neno zito. Pale Mwaloni wanawake wanaoanika dagaa wamepigwa picha miaka mingi na wageni na wenyeji, wakiwa wameinama, kanga zimepanda, jasho usoni, na hakuna anayeulizwa. Mwenzangu mmoja alionyeshwa picha yake kwenye tangazo la safari ambalo hata hajui la nani. Alilia. Sisi tumeuliza kila mtu. Waliokataa hawamo. Waliokubali walichagua wenyewe picha, na wengi walichagua ile waliyosimama wima wakiangalia mbele. Zimetoka nzuri zaidi.

Kurasa nyingine nazipita haraka, si kwa kuzidharau. Kisiwa cha Saanane kina ukurasa wake, na tumeeleza kwamba jina si la saa nane ya mchana kama wengi wanavyodhani. Ni la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa na makazi pale kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Bujora, kule Kisesa, ina makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement kutoka Kanada. Tumeandika kwamba mgeni aende Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, akitaka kuona vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana ngoma, na avae viatu vya vumbi. Na kila ukurasa wenye ufukwe una onyo la kichocho, kwa maneno ya wazi: usioge kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Wenye hoteli wawili walituomba tulitoe wakisema linafukuza wateja. Halitoki.

Ukurasa uliotusumbua zaidi ni wa makaburi ya Igoma. Mpwa wangu alizaliwa baada ya msiba wa meli ya MV Bukoba, akasema, shangazi, mtalii anakuja kufurahi, tuuache. Nikamchukua tukaenda. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya ndugu zetu hawakufika nyumbani. Wengi wamelala pale Igoma. Tulitembea kati ya makaburi bila kuzungumza. Kwenye kaunta buku langu la kwanza wiki ile yote haina bei wala nauli, kuna majina tu, kumi na manne, ya watu niliofanya nao biashara. Nilimwonyesha. Akaurudisha ukurasa, akaondoa mwenyewe alama ya kamera na zile nyota ambazo msomaji hutumia kupima mahali. Upo mweupe, una tarehe, njia ya kufika, na ombi la kunyamaza. Vivyo hivyo wa Ukara, kwa waliopotea na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Ziwa hili limetulisha na limetutoa machozi. Anayemwongoza mgeni akaficha upande mmoja hajampa ziwa.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaosimamia utalii mkoani na wilayani: mnapoweka picha na maelezo yetu mtandaoni, wekeni tarehe, na mtumie picha zilizopigwa huku. Kuna wazee wa gati, makuli, mabaharia na mama lishe wenye safari nyingi kuliko zangu, nao hawajaulizwa. Waulizeni wakingali hai, na mkiandika muwape majina yao kama wanapenda.

La pili ni kwako. Ratiba za vyombo vya visiwani hubadilika, chombo kikienda matengenezo tunajua tukiwa tumeshafika gatini na mizigo. Gazeti lako linafika Nansio na Bukoba. Ukitoa hata nusu safu kila Jumatatu, chombo kipi kinakwenda na kipi kimesimama, utakuwa umetusaidia sisi wenye mizigo, na sisi tutaihamishia kwenye kurasa nyeupe tukitaja gazeti na tarehe.

Alhamisi hii tunavuka kwenda Ukara kuhakiki kurasa nne zilizoingia wekundu. Kaunta buku la tatu bado halijaguswa. Binti wa Dodoma amenitumia ujumbe: aliwahi mazishi, na wakati wa kurudi alishuka upande wa Busisi, akapiga picha ya daraja, akaandika siku na saa. Tumeiweka chini ya simulizi yangu ya foleni na ile mihogo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza